Lete Siki, Roketi Imerudi

Mama yangu anaishi Tanga mjini. Siku ya kwanza nilipomweleza kwa simu jinsi ninavyozitumia Jumamosi zangu huku Colorado, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza:

"Hiyo roketi, baba, imefika wapi?"

"Imepanda mita mia tatu hivi, mama. Halafu ikarudi."

"Ikarudi?" Kimya kidogo. "Sasa ilikwenda kufanya nini?"

Nimetembea na swali hilo miaka mitano sasa. Ni kweli, haikwenda kufanya kitu. Roketi zangu nyingi ni bomba la karatasi ngumu, mapezi matatu ya mbao ya balsa unayoweza kuyavunja kwa vidole viwili, pua ya plastiki, na mota ya baruti yenye urefu wa sentimita 7 na unene wa kidole gumba. Mota inayoitwa C6 huwaka kwa muda usiotimia sekunde mbili. Baada ya hapo roketi hupanda kwa mwendo uliobaki, parachuti huchomoka, nawe unaanza kutembea kwenye nyasi kavu, shingo juu, ukiomba upepo usiipeleke shambani kwa mtu. Tangu kubonyeza kitufe hadi roketi kugusa ardhi ni dakika moja, pengine moja na nusu. Mama aliyetulea watoto sita kwa mandazi na vitumbua hawezi kuiita hiyo kazi, na mimi sibishani naye.

Ila jibu ninalo. Roketi ilikwenda kuchafuka. Inarudi na masizi, na majani yaliyonasa kwenye kamba, na lastiki iliyoungua ncha, na hapo ndipo burudani yangu inapoanza. Wenzangu uwanjani husema wanasafisha vifaa ili wapate kurusha tena. Kwangu mambo yamepinduka: narusha ili nipate cha kusafisha.

Najua inavyosikika.

Jumamosi usiku, watoto wakishalala, natandaza taulo kuukuu juu ya meza ya jikoni. Naweka bakuli la maji ya vuguvugu yenye siki, mswaki uliostaafu, pamba za masikio, msasa laini, kopo la grisi, poda ya mtoto, na taa ndogo. Mke wangu akipita husema mganga ametandika mkeka. Kisha huenda zake kulala, na nyumba inakuwa yangu.

Naanza na vibanio, vile vidude viwili vyenye meno vinavyobana nyaya za kiwashio chini ya mota na kuleta umeme kutoka kwenye betri. Kila roketi inapoondoka huvipulizia moto na moshi, na utando wa kijivu hugandia kwenye meno. Utando huo hauupendi umeme. Ukimwona mtu uwanjani amehesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, akabonyeza, na roketi ikakaa pale imesusa, kwanza washuku vibanio vichafu, kisha betri iliyochoka. Kanuni inamtaka achomoe ufunguo wa usalama na angoje sekunde 60 kabla mtu yeyote hajaisogelea. Ni sekunde 60 za kutazamwa na uwanja mzima. Mimi nazifahamu moja moja. Kwa hiyo nasugua jino baada ya jino mpaka chuma king'ae, na nikishamaliza nasugua tena kidogo, hiyo ya pili ikiwa ni kwa ajili ya roho yangu tu.

Kanuni hiyo ya sekunde 60, na nyingine nyingi kama hizo, zina chanzo chake. Hata kabla setilaiti ya Sputnik haijaruka Oktoba 4, 1957, vijana wa Kimarekani walikuwa wameshashikwa na wazimu wa roketi. Walijaza mabomba ya chuma vichwa vya viberiti na kemikali walizozipata popote, wakawasha. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza maisha. G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands kule New Mexico, aliandika gazetini kuonya juu ya hatari hiyo, na maandishi yake yakamfikia muuza viatu mmoja wa mji mdogo wa Norfolk, jimboni Nebraska. Huyo aliitwa Orville Carlisle. Yeye na ndugu yake Robert walikuwa wameshatengeneza, tangu 1954, roketi ya karatasi yenye mota ndogo ya kubadilishwa na parachuti ya kuirudisha chini. Carlisle akamtumia Stine sampuli. Mchezo huu wote umetoka hapo.

Watu wakisimulia habari hiyo husifu usalama: karatasi badala ya chuma, mota iliyotengenezwa kiwandani badala ya baruti ya kukoroga jikoni. Ni sawa. Ila mimi namsifu Carlisle kwa jambo ambalo mama yangu alilishtukia mara moja kwenye simu. Roketi yake inarudi. Kitu kinachokwenda moja kwa moja hakidai chochote kwako, ukishakiaga mmeachana. Kinachorudi kinakuja na haja zake. Na nani angelijua hilo kuliko muuza viatu? Kiatu hutoka asubuhi, hurudi jioni na vumbi, hupigwa brashi usiku, hutoka tena. Nikimwaza Carlisle dukani kwake sioni mwanasayansi, naona mtu aliyezungukwa na makopo ya dawa ya viatu.

Turudi mezani. Baada ya vibanio ni fito. Roketi ndogo huruka ikiteleza juu ya fito ya chuma yenye unene wa milimita 3 na ushei na urefu wa sentimita 90 hivi, inayoiongoza mpaka ipate kasi ya kujisimamia hewani. Fito ikishika kutu au masizi, roketi hukwama kidogo, na kukwama huko kidogo ndiko kunakoipeleka upande wa maegesho ya magari. Naisugua kwa waya wa sufuria, naifuta, naipitishia nta ya mshumaa. Halafu nachukua roketi tupu, isiyo na mota, naivika kwenye fito kwa kile kikonyo chake cha ubavuni na kuiachia kutoka juu. Ikiteremka kwa sauti moja ndefu isiyokatika, kazi imekwisha. Huwa naiachia mara tatu nne. Hakuna sababu ya kitaalamu ya hizo mara nyingine. Mwisho naivisha fito kifuniko kwenye ncha, maana fito iliyosimama wima huwa sawa na jicho la mtu anayeinama, na kanuni hiyo pia imewekwa kwa sababu.

Parachuti ya plastiki ina tabia ya kukumbuka mikunjo. Ukiiacha imekunjwa ndani ya roketi mwezi mzima, siku ya kurushwa itatoka hivyo hivyo, donge, na roketi itashuka kama jiwe lenye utepe. Naitoa, naikung'uta, naipaka poda ili isijigandishe, naitundika kwenye mlango wa kabati. Jikoni kwetu kuna miavuli mitatu ya rangi imening'inia wiki nzima, na mgeni aliyewahi kuuliza ni ya nini sasa haulizi tena.

Sasa nitamke lililonifanya nishike kalamu. Tumezoea kuisifu kazi ya namna hii kwa kutishana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga ni bora kuliko tiba. Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kwamba kutunza ni ada unayolipa leo ili kesho usilipe zaidi, na mtunzaji ni mtu mwenye hofu anayepiga hesabu. Sikatai hesabu yenyewe. Nakataa kwamba hesabu ndiyo yote iliyomo. Mimi nikisugua vibanio usiku sina hofu ya ukuta wala ufa. Nina raha, na raha hiyo ningekuwa nayo hata kama ningeambiwa kwamba roketi haitaruka tena.

Hata lugha yetu inamnyima mtu huyu nafasi. Kutengeneza, kwa Kiswahili, ni kuunda kipya na pia ni kurekebisha kilichoharibika. Neno moja limebeba ncha zote mbili. Katikati, kwenye ile miaka mingi ambapo kitu ni kizima na kinahitaji tu kuguswa guswa, tuna kutunza, ambalo pia ni neno la watoto na wazee na mali ya mirathi. Anayeunda ni fundi. Anayefufua kilichokufa ni fundi zaidi, huyo ndiye anayeitwa usiku na kushukuriwa kwa chai. Anayekifungua kitu kizima, akakifuta na kukifunga, huulizwa: kimeharibika?

Baba yangu aliulizwa hivyo, na aliyemuuliza ni mimi. Alikuwa na karabai mbili za kukodisha, za harusi na maulidi na matanga, enzi ambazo umeme mtaani kwetu ulikuja kwa zamu. Kila Ijumaa baada ya kurudi msikitini alizifungua. Alichomoa mti wa pampu, akakivua kile kikombe kidogo cha ngozi kilicho kwenye ncha yake, akakidondoshea mafuta na kukisokota kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kilainike. Ngozi ikikauka pampu haisukumi hewa, na bila hewa mafuta ya taa hayapandi. Kisha alizibua tundu la mafuta kwa sindano, akafuta kioo. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nikamwambia, baba, mbona hii haijaharibika? Akasema, "Naisalimia tu."

Sikuelewa, na sikumfikiria tena mpaka nilipofika daraja la mota za aluminiamu.

Nieleze. Mota ndogo za baruti ni za kutumika mara moja. Ikishaungua, ganda la karatasi huenda jalalani. Ni za bei nafuu na zinatengenezwa kwa wingi wa ajabu. Vernon Estes, aliyeunda mashine ya kuzishindilia kule Denver mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuipa jina la kike la Mabel, aliweza kutoa mota moja kila baada ya sekunde tano na nusu, na mwaka 1961 akahamia Penrose, mwendo mfupi wa gari kutoka ninapoishi. Nazipenda na zimenilea. Lakini mota kubwa zaidi zina ganda la aluminiamu linalodumu. Unanunua paketi ya fueli, unaipanga ndani, unafunga vifuniko viwili vya nyuzi za skrubu, unarusha, unafungua, unasafisha, unapanga tena. Nguvu za mota huhesabiwa kwa herufi, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Kuanzia H huuziwi mpaka uwe umepata cheti. Mimi nina cha daraja la kwanza, na nikisema ukweli nilikitafuta kwa ajili ya lile ganda.

Fueli yake ni jamaa ya ile iliyokuwa ndani ya zile roketi mbili nyeupe za kando za chombo cha angani cha Marekani: chumvi ya amoniamu pakloreti iliyochanganywa na mpira. Ikiungua huacha masizi mazito yenye asidi, na ukiyaacha usiku kucha yanaanza kula aluminiamu. Hapo ndipo siki na mswaki vinapopata heshima yao. Unafungua ganda, unachomoa mrija ulioungua, unachovya pamba na kuzungusha kwenye nyuzi za skrubu, taratibu, duru baada ya duru, na pamba inatoka nyeusi, kisha ya kahawia, kisha ya manjano, mpaka ile moja inatoka nyeupe kama ilivyoingia. Nimejaribu burudani nyingi maishani. Sijaona inayoifikia pamba ile ya mwisho.

Halafu zinakuja pete. Kila kifuniko hukaa juu ya pete ya mpira, ambayo mafundi wa magari kwetu huiita oringi, na kazi yake ni moja tu: kuzuia moto usipite mahali usipotakiwa. Unaipaka grisi kidogo, unaisokota kati ya kidole gumba na cha shahada ukiisikiliza kwa ngozi, unatafuta mkwaruzo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo mkono wangu ulisimama wenyewe. Nilikuwa nimeishika pete ile hasa kama baba alivyokuwa akiishika ngozi ya karabai.

Mpira kama huo, mkubwa zaidi, ndio uliowaua watu 7 asubuhi ya Januari 28, 1986. Baridi ilikuwa imeukakamaza, chombo cha Challenger kikaruka, pete za kwenye kiungo cha roketi ya kulia zikachelewa kutanuka na kuziba, moto ukapenya, na sekunde 73 baadaye hakikuwepo. Mwezi uliofuata, mwanafizikia Richard Feynman aliubana mpira wa aina hiyo kwa kibanio, akautumbukiza kwenye gilasi ya maji ya barafu mbele ya kamati ya uchunguzi na kamera, akautoa na kuonyesha kwamba umekawia kurudi katika umbo lake. Wahandisi walikuwa wameonya kabla. Sina la kuongeza juu ya habari hiyo, isipokuwa kwamba huwezi kushika pete ya mpira kwa uzembe ukiwa unaijua.

Na bado niliwahi kuzembea. Siku moja nilichelewa, nikapanga mota nyuma ya gari huku nikiongea na jirani, nikaiweka pete bila kuisokota vidoleni. Ilikuwa na kidonda kidogo cha kucha, pengine cha kucha yangu mwenyewe. Roketi ilipanda mita kadhaa tu, moto ukatokea mbele badala ya nyuma, parachuti ikawa bonge la plastiki iliyoyeyuka, na bomba la karatasi nililolipaka rangi wiki tatu likafunguka kama ganda la ndizi. Hakuna aliyeumia, ndiyo faida ya kusimama mbali. Ganda la aluminiamu liliungua upande mmoja na halifai tena. Nililisafisha vilevile. Liko juu ya rafu, safi kuliko yote.

Pwani yetu nayo ilikuwa na roketi zake, za ukubwa mwingine kabisa. Karibu na Malindi, kuanzia 1967 hadi 1988, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, yale ya San Marco. Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilitoka hapo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Nasaba hiyo huwa nawaelezea wenzangu uwanjani hapa kila mwaka, watake wasitake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya sayansi yake, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002, na alistahili. Lakini mtu aliyezaliwa pwani hawezi kusikia maneno "majukwaa ya chuma" na "baharini" pamoja bila kufikiria kutu. Chumvi haina likizo. Kabla ya Uhuru na baada yake kulikuwa na miguu ya chuma ya kukwanguliwa na kupakwa rangi, asubuhi hata asubuhi, na kazi hiyo haipewi tuzo popote duniani.

Mwaka huu Colorado ilikauka mapema. Nyanda za mashariki zikigeuka rangi ya simba, marufuku ya moto hutangazwa, na kurusha roketi ni kuwasha moto, hakuna ubishi. Tulikaa karibu miezi minne bila kurusha. Wenzangu kadhaa walinung'unika, mmoja akauza vifaa vyake. Mimi niliona haya kidogo kwa sababu sikupungukiwa na kitu. Jumamosi usiku nilitandaza taulo langu kama kawaida nikafungua vitu vilivyokuwa safi. Nilibadilisha lastiki ambazo zingedumu mwaka mwingine. Nilihamisha mota za baruti kutoka gereji kwenda kabati la ndani, kwa kuwa joto na baridi vikipokezana vinaipasua baruti ndani ya ganda, na mota iliyopasuka hulipuka badala ya kusukuma. Mke wangu aliniuliza ninasafisha nini, hakuna kilichoruka. Nikamwambia nasalimia. Alinitazama kwa muda.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili mfululizo na marufuku ikaondolewa. Ijumaa jioni nilipanga vipande vya mota mezani kwa ajili ya kesho yake: ganda, vifuniko, mrija, pete kubwa mbili, pete ndogo moja. Pete ndogo haikuwepo. Nilitazama ndani ya paketi, chini ya taulo, chini ya meza kwa tochi, nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikipapasa kama mtu aliyedondosha shilingi gizani. Nilipoinuka binti yangu wa miaka saba alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kulalia, mkono mmoja mgongoni.

"Lete," nikasema.

Akautoa mkono. Alikuwa ameivaa kwenye kidole cha kati, nyeusi, imemkaa vizuri kuliko inavyokaa kwenye kifuniko. Chanda chema, nilijisemea, lakini uso niliukaza. Nikamwambia aivue taratibu, asiivute kwa kucha. Akaivua, akaiinua kwenye mwanga wa taa, akaisokota kati ya vidole vyake viwili, duru nzima, akakunja uso.

"Baba, hii ina mkwaruzo."

Niliichukua nikaisokota mwenyewe. Ulikuwepo.